Tuktuk, boda ya mkopo au ufundi? Nimefungua daftari langu la Mombasa

Ndugu yangu, swali lako hata mimi niliwahi kuuliza nikiwa na umri wako, na jibu nililopewa lilinipotosha miaka kadhaa. Aliyenijibu hakuwa mwongo. Alinihesabia pesa alizoshika tu, akaniachia nitafute mwenyewe zilikokwenda.

Nilirudie swali ili wenzetu wafuate. Una miaka 24, umemaliza kozi ya umeme, na hujapata mahali pa kuandikwa. Mjomba wako wa Kisauni ana tuktuk imesimama, anataka uichukue umpelekee hesabu ya elfu moja kila siku. Rafiki yako anakuvuta upande wa boda ya mkopo. Na kuna mtu pale steji ya Lights amekwambia dereva wa tuktuk Mombasa halali bila elfu tatu mfukoni. Unataka kujua ukweli ni ngapi.

Elfu tatu ni kweli. Huyo wa Lights amezishika kwa mkono wake. Ila hakukwambia ni za nani.

Kazi hizi niko nazo tangu 2011. Miaka mitatu nilikuwa hamali Kongowea, saba na kidogo nikaendesha tuktuk ya tajiri, na tangu Mei 2022 naendesha yangu. Sijawahi kupewa karatasi ya mshahara maisha yangu yote. Nilichonacho ni daftari, na hilo nalo si akili yangu, ni la mke wangu. Yeye anauza mahamri na mbaazi, na alianza kuandika madeni ya wateja wake kwenye daftari la shule la mtoto. Siku moja mwaka 2016 nilikuwa nalalamika kwamba nafanya kazi kama punda na sioni pesa. Akanigeuzia ukurasa mpya, akanipa kalamu, akasema, "Baba Fulani, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika." Nikaona ananidharau. Baada ya miezi miwili nikaona aibu.

Kwa hivyo tarakimu zote nitakazokupa zimetoka humo, zangu na za watu wa karibu yangu. Usizichukue kuwa ndizo za Mombasa nzima. Dereva wa Bamburi kwenye mahoteli na dereva wa Changamwe hawafanani, na Desemba si Mei.

Nianze na siku moja.

Mpwa wangu anaendesha tuktuk ya tajiri, hesabu elfu moja, kama hiyo unayopewa. Jumanne moja alirudi saa mbili usiku, akanikuta barazani nakunywa kahawa tungu. Amefurahi, anasema, "Mjomba, leo nimepiga elfu mbili mia nane na hamsini." Nikamwambia keti. Tukamwaga sarafu na noti kwenye mkeka, tukafungua simu tukasoma jumbe za M-Pesa moja moja. Kweli zilifika 2,850. Basi nikamwambia tutoe.

Mafuta, lita tano, shilingi 900. Hesabu ya tajiri, 1,000. Kamisaa, yaani msimamizi wa steji, 50. Kuosha tuktuk, 100. Chai asubuhi na wali maharagwe mchana, 180. Bando la simu, 20. Zikabaki mia sita.

Kijana akanyamaza. Akazihesabu tena kama kwamba zitaongezeka. Muuza kahawa alikuwa amesimama pale na dele lake, akacheka, akasema, "Mimi leo nimebakisha mia saba na sina hata leseni." Alikuwa anatania, lakini si sana.

Siku hiyo ilikuwa nzuri, lazima ulielewe hilo. Hakupata pancha, hakusimamishwa na askari, hakukwama foleni ya feri. Feri ya Likoni kwa abiria wa miguu ni bure, lakini tuktuk hulipa, na ukimpeleka mtu ng'ambo unaweza kusimama kwenye foleni saa nzima injini ikipoa na njaa ikipanda. Mimi mteja wa ng'ambo nambeba tu akikubali kulipia na kurudi tupu.

Sasa angalia zile mia sita. Jumatano mpwa wangu alipata pancha mbili. Alhamisi ilinyesha asubuhi hadi adhuhuri, na watu hudhani mvua ni neema kwa tuktuk. Ikinyesha ya kiasi, ndiyo. Ikinyesha ya masika yenyewe, njia za ndani Kisauni na Bamburi hugeuka bwawa, maji yakiingia kwenye injini umeumia. Alhamisi hiyo alipeleka hesabu ya elfu moja na akarudi nyumbani na shilingi arubaini. Tajiri hakujua kama kulinyesha. Yaani anajua, naye yuko Mombasa hii hii, lakini hesabu haijui.

Hiyo ndiyo kazi ya tuktuk ya hesabu. Tajiri anapata elfu moja jua liwe linawaka au mvua inanyesha. Siku mbaya zote ni zako. Siku nzuri nazo ni zako, ni kweli, na hizo ndizo zinazokudanganya, maana mtu hukumbuka ile Ijumaa ya mwisho wa mwezi aliyopiga elfu nne, akaisimulia steji mwaka mzima.

Utaniuliza, basi si ununue yako? Mimi nilinunua. Shilingi 450,000. Nilikuwa na 120,000 za akiba na za mchezo wa kuchangiana, zilizobaki 330,000 nikakopa kwenye sacco, nilipe elfu kumi na mbili kila mwezi kwa miezi 36. Zidisha mwenyewe, ni 432,000. Siku naitoa dukani nilipita nayo Mwembe Tayari nikipiga honi bila sababu.

Haya, mwaka 2024 wote huu hapa. Nilifanya kazi siku 291. Siku 75 sikufanya. Kati ya hizo, nyingi ni Jumapili za kupumzika, halafu gereji, siku za ukaguzi, maziko mawili, malaria ya mtoto, siku za mvua, na siku za maandamano ya Juni na Julai ambapo mjini hapakuingilika. Hakuna aliyenilipa hata moja kati ya hizo. Aliyeandikwa kazi akiugua anapeleka karatasi ya daktari. Mimi nikiugua napeleka mwili hospitali na mkopo unanisubiri mlangoni.

Wastani wa siku nilizofanya ulikuwa 2,700. Mara 291, ni shilingi 785,700. Ukisikia hivyo utadhani mimi ni mwenye duka Digo Road. Mafuta, 880 kwa siku kwa wastani, yakala 256,080. Vitu vidogo vya kila siku, yaani steji, kuosha, chakula, bando, 330 kwa siku, vikala 96,030. Gereji mwaka mzima, 74,000: oili kila wiki mbili, tairi nne, kebo za klachi sijui ngapi, na mara moja kufungua injini kubadilisha ringi za pistoni. Bima, ukaguzi, leseni na stika ya kaunti, 36,000. Zikabaki 323,590. Mkopo ukachukua 144,000. Mwisho wa mwaka zikawa 179,590.

Gawa kwa 12. Ni 14,966 kwa mwezi.

Usiku nilipomaliza hesabu ile nilitoka nje nikakaa kwenye kiti cha abiria cha tuktuk yangu mwenyewe. Kuanzia Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida hapa Mombasa, kabla ya marupurupu ya nyumba, kilikuwa shilingi 16,113.75. Yaani mtu anayefagia ghala Shimanzi, mwajiri wake akifuata sheria, alikuwa ananishinda mimi "mwenye gari". Na saa zangu ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku.

Mkopo nilimaliza Aprili 2025. Kwa hesabu zile zile, bila mkopo, ni kama elfu ishirini na saba kwa mwezi. Hapo watu husema nimetoka. Nami nilisema hivyo, mpaka fundi wangu wa gereji alipogonga bodi kwa kidole pale chini ya kiti, kutu ikamwagika kama unga. Hewa ya chumvi ya huku kwetu haina huruma na bati. Tuktuk ikienda miaka sita mingine mikononi mwangu nitamshukuru Mungu. Kama nataka kununua nyingine ya 450,000 bila kukopa tena, lazima niweke 6,250 kila mwezi kuanzia sasa. Toa hiyo, zinabaki elfu ishirini na kitu. Hiyo ndiyo riziki yangu ya kweli. Si haba, nalea watoto watatu kwayo pamoja na ya mke wangu. Lakini iko mbali sana na elfu tatu kwa siku.

Jambo moja la kodi, maana liliulizwa juu hapo na mwenzetu mmoja kwa hofu. Kodi ya mauzo kwa biashara ndogo, ile ya asilimia 3 tangu 2023, huanzia kwa mtu ambaye mauzo yake ya mwaka yanapita milioni moja. Mimi kwa 785,700 sijafika. Kinachonifikia ni SHA, bima ya afya ya serikali: mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Lipa. Mwaka 2019 mke wangu alijifungua kwa upasuaji, na kama si ile bima ya zamani ya NHIF tungeuza godoro. Uzeeni je? NSSF wana mpango wa Haba Haba wa kuweka kuanzia shilingi 25 kwa siku. Nimeanza, naruka siku, narudi.

Kuhusu wateja wa kuitisha kwa programu za simu nitasema kwa ufupi. Wanasaidia usiku na wanasaidia maeneo ya Nyali ambako watu hawatoki barabarani kutafuta tuktuk. Kanuni za serikali za 2022 zilisema kampuni yenye programu isikate zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Nauli ya 250 hukatwa 45, inabaki 205. Sawa. Lakini umetoka Kengeleni tupu kumfuata Links Road, ukafika akakwambia ameghairi, na mafuta hayo hayakatwi asilimia na mtu. Bei yenyewe hupangwa na wao, si wewe. Mimi nafungua simu saa za jioni tu. Mchana nina wateja wangu: mama mmoja nampeleka dialisisi mara mbili kwa wiki, walimu watatu asubuhi, na mpishi wa hoteli akitoka zamu. Hao watano ni bora kuliko simu nzima, maana najua Jumatatu itakuwaje kabla haijafika.

Sasa boda ya mkopo. Hapa sikuwahi kuwa mwenyewe, lakini ndugu yangu wa kunyonya alikuwa. Pikipiki ya 175,000 dukani alichukua kwa amana ya 25,000, kisha 450 kila siku kwa siku 540. Piga: 243,000, na ile amana, 268,000. Si hilo tu. Pikipiki ina kifaa, ukipitisha siku bila kulipa wanaizima kwa mbali. Ilimzimikia Bombolulu na abiria nyuma. Alikuwa amekwenda msibani Kwale siku mbili. Alisukuma hadi nyumbani akilia kwa hasira, mtu mzima. Alilipa kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ili iwake, ili aende kutafuta pesa za kulipa Fuliza.

Sisemi boda haina pesa. Kwa siku ya kawaida huyu ndugu yangu alikuwa akibaki na mia saba, mia nane, kumshinda mpwa wangu wa tuktuk, maana pikipiki inakula mafuta kidogo na hupita pale tuktuk imekwama. Lakini Coast General wodi ya mifupa nenda ukaangalie nani wamelala. Amelala huko miezi miwili mwaka 2023. Zile 450 hazikusimama, na pikipiki ikachukuliwa ikiwa imebaki siku tisini na kitu kuwa yake. Ukitaka boda, mimi ningekwambia nunua ya mkono wa pili kwa pesa yako, hata kama ni mbovu mbovu, kuliko mpya inayozimwa na mtu aliyekaa ofisini.

Hamali sikushauri hata kidogo, ingawa nitakwambia kitu. Nilipokuwa Kongowea tulikuwa tunashusha malori ya viazi kutoka bara usiku, saa nane, saa tisa, na makreti ya nyanya kutoka Taveta. Tulilipwa kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa, limejazwa mpaka limeshonewa shingo juu. Usiku mzuri nilitoka na mia tisa, na miaka ile mia tisa ilikuwa pesa. Hakuna mafuta, hakuna hesabu, hakuna kamisaa. Katika kazi zote nilizofanya, ndiyo pekee ambapo nilichoshika kilikuwa changu chote. Nilikuwa nachakaza kitu kimoja tu, na sikukiandika gharama popote. Leo nikiinama kuinua jeki, mgongo huniuliza magunia yale nilipeleka wapi.

Mke wangu ndiye anayenishinda kwa saa, na watu hawamhesabu kama mfanyakazi. Anaamka saa tisa usiku. Saa kumi na mbili unusu mahamri yako mezani barazani, saa tatu asubuhi amekunja meza. Siku ya kawaida anatumia unga kilo nne 340, sukari 100, nazi tano 200, mafuta 300, mbaazi kilo mbili 280, mkaa 150, hamira na iliki 50. Jumla 1,420. Anatoa mahamri 160 ya shilingi kumi, na sahani 28 za mbaazi za thelathini. Jumla 2,440. Zinabaki 1,020, anamlipa binti anayemsaidia 200, zinabaki 820. Madeni yasiyolipika yanakula kama hamsini. Mtu wa steji ya Lights hawezi kuamini kwamba mama wa mahamri anabaki na pesa kumshinda dereva aliyezunguka saa kumi na nne, lakini daftari liko hapa.

Ila nazi ikipanda kutoka arubaini hadi sitini, hawezi kuuza hamri shilingi kumi na mbili. Nani ana shilingi mbili? Hapo anafanya hamri dogo, na wateja huona siku hiyo hiyo. Mzee mmoja jirani aliwahi kuinua hamri akalitazama dhidi ya jua, akasema, "Mwanangu, hili limekuwa kipuli?" Kwa siku tatu mke wangu alirudi kwenye ukubwa wa zamani na akabaki na mia tano.

Ramadhani mambo hugeuka. Meza ya asubuhi inakufa, ya alasiri inafufuka: viazi karai, bhajia, vitumbua, kaimati. Mwezi ule anapata karibu mara mbili, na tuktuk nayo hubadilika, mchana kimya, baada ya tarawehe mji unaamka, watu wananunua nguo za Idi hadi usiku wa manane. Desemba ni ya watalii wa bara. Kuanzia Aprili hadi Juni ni kiangazi cha mfuko ingawa ni masika ya mvua. Mwaka ninaoukumbuka kwa ubaya ni 2020. Aprili Mombasa ilifungwa hakuna kutoka wala kuingia hadi Julai, na kafyu mwanzoni ilikuwa saa moja usiku. Nilikuwa bado na hesabu ya tajiri. Alikuwa mtu mwema, aliishusha hadi mia nne, lakini nilikuwa na siku za kushika mia tatu. Tulikula mahamri ambayo hayakununuliwa.

Ndiyo maana nikaacha kuuliza "kwa siku ngapi". Siku haisemi kitu. Nauliza kwa mwaka, na nauliza siku mbaya ni za nani.

Sasa wewe. Mbona umesema kozi ya umeme kama mtu anayesema alizaliwa Jumanne, halafu ukapita? Nisimulie kitu kidogo.

Nina mteja fundi wa eya kondishena, kijana kama wewe. Ijumaa moja alinipigia nimpeleke Nyali na ngazi yake, ngazi ikatokeza nje ya tuktuk kama pembe. Nyumba za kupangisha wageni, ghorofa nne. Alisafisha mashine tatu, kila moja 1,500. Nilimsubiri chini. Alishuka baada ya muda wa saa nne hivi, shati limelowa, ameshika kichujio kimoja ananionyesha: kimeziba ukungu na chumvi hadi hewa haipiti. Akasema, "Bahari ndiyo inaniajiri." Alinilipa mia tano kwa kwenda, kungoja na kurudi. Sabuni na vitu vingine kama mia tatu. Akabaki na 3,700, saa nane mchana. Hana hesabu, hana mkopo, na vifaa vyake vyote vinaingia kwenye begi moja.

Lakini nilimuuliza wiki hiyo alikuwa amefanya kazi siku ngapi. Mbili. Wiki iliyotangulia, moja. Ufundi una njaa yake: simu isipolia, hailii, na huwezi kutoka barabarani ukaanza kuita "fundi, fundi". Mwaka wa kwanza aliniambia alikuwa akipata elfu nane, tisa kwa mwezi, akalala kwa dada yake Mikindani. Sasa ana mawakala wawili wa nyumba wanaomwita kila baada ya miezi mitatu bila yeye kuomba. Na alitafuta leseni ya ufundi umeme ya EPRA, mamlaka ya nishati, ambayo wengi hawana, kwa hivyo kazi za kuunganisha umeme nyumba mpya humfikia yeye na wale wasio na karatasi huishia kumbebea waya.

Hewa hii inayokula tuktuk yangu ndiyo inayomlisha yeye. Friji, pampu za visima, soketi, feni, taa za nje, vyote Mombasa hufa mapema.

Kama ningekuwa wewe, ningechukua tuktuk ya mjomba, lakini si kwa masharti hayo na si kama kazi. Ningeichukua nusu siku. Mwambie mjomba, kwa adabu, mbele ya mama yako ikiwezekana, kwamba unaichukua asubuhi hadi saa saba kwa mia tano, na mchana mtu mwingine aishike. Kama anakataa na anataka elfu moja kamili, basi kabla hujashika ufunguo muelewane haya: siku tuktuk iko gereji hesabu hakuna. Jumapili hesabu hakuna, au ni nusu. Pancha, balbu na kebo ni zako, injini, tairi na bima ni zake. Faini ya makosa yako ni yako, faini ya ukaguzi uliokwisha ni yake. Na kuna amana au hakuna? Mjomba ni mjomba, lakini mimi nimewaona mjomba na mpwa wakishtakiana kwa chifu kwa sababu ya klachi ya tuktuk. Andikeni. Akikasirika kwa kuandika, umepata jibu lako mapema na bure.

Mchana huo uliobaki, ngazi begani. Pita Mtwapa, Bamburi, Nyali, ongea na walinzi wa mageti, wao ndio wanaojua mashine ya nani inavuja maji. Mpe mlinzi mia akikuletea kazi, usimnyime. Kama unahitaji mtaji wa vifaa, Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, huanzia shilingi 500 na hupanda kadiri unavyorudisha, riba asilimia 8 kwa mwaka, rahisi kuliko mikopo ya simu iliyokuwa ikimla ndugu yangu wa boda. Kopa cha kununulia kitu kinachoshikika. Usikope cha kupelekea hesabu.

Umeuliza pia kama inawezekana kuoa kwa kazi hizi. Mimi nilioa nikiwa hamali. Lakini nilioa mwenye daftari.

Nyongeza: mwenzetu aliyesema juu kwamba mpwa wangu "hajui kazi" kwa sababu yeye hapungui elfu tatu na nusu kila siku, naomba siku moja tu atuwekee hapa na mafuta. Na aseme tuktuk ni ya nani.